Rikavari na bei ya "tutaelewana"

Khareef imekaribia, na kama kila mwaka familia zetu za Maskati, Barka, Suhar, na hata za Dubai na Abu Dhabi, zinapanga safari ya Salalah kwa gari. Msimu huhesabiwa toka tarehe 21 Juni mpaka mwisho mwisho wa Septemba. Toka Maskati mpaka Salalah ni kiasi cha kilomita 1,000, na kipande kirefu cha njia, ukishaiacha Adam, ukapita Haima mpaka Thumrait, ni jangwa tupu. Kwenye makundi ya WhatsApp watu wanaulizana habari za nyumba za kukodi, madafu, mishkaki ya kando ya barabara, na kama manyunyu yameanza. Sijaona anayeuliza gari ikizima katikati ya Haima na Thumrait nani atakuja kuivuta, kwa bei gani, na ataipeleka wapi.

Nyumbani tunaita brekdauni. Wasaudi wanaita satha. Sisi wa Oman na Imarati tumezoea kusema rikavari. Jina lolote, biashara hii imekua sana miaka ya karibuni, na malalamiko yamekua nayo. Ninayasikia misikitini, ninayasikia kwenye maposo, ninayasikia kwa watu wenye akili zao timamu ambao hawapunjwi sokoni hata baisa moja. Dawa tunayopeana siku zote ni moja: "Mpigie fulani, yule mtu mzuri, mtaelewana." Mimi naona hilo neno la mwisho ndilo linalotutia hasara, na nitaeleza kwa nini.

Ukenda kununua samaki Mutrah, bei ikikushinda unasogea meza ya pili. Muuzaji anajua hivyo, ndo maana anapunguza. Rikavari haina meza ya pili. Gari imekufa, jua la nyuzi 45, watoto wanalia, mama mzee anataka maji, malori yanapita yanakutikisa. Aliyefika ndiye huyo huyo. Pia mwenye rikavari anajua kuwa hatokuona tena maisha yake, kwa hiyo hana haja ya kukuridhisha ili urudi kesho. Na mara nyingi anayelipa mwishowe si wewe, ni bima, kwa hiyo hata wewe mwenyewe huibani bei sawasawa. Biashara yoyote yenye mambo matatu hayo, mnunuzi aliyebanwa, asiyerudi tena, na mlipaji asiyekuwepo, itaharibika kama haikuwekewa kanuni. Haijalishi ni nchi ya nani wala watu wa dini gani.

Anayedhani haya ni mambo ya Ghuba peke yake, aulize jamaa zetu wa Toronto. Jimbo la Ontario, huko Kanada, nchi yenye sheria mpaka ya kuzoa theluji mbele ya nyumba, kampuni za kuvuta magari zilifika kuchomeana magari na kuuana. Mwezi Mei 2020 polisi wa York pamoja na wenzao walitangaza kuwakamata watu wengi katika uchunguzi walioupa jina la Project Platinum. Kilichokuwa kikigombaniwa ni ajali zenyewe. Anayefika mwanzo kwenye ajali anachukua gari, analipeleka kwenye gereji anayopewa fungu nayo, gari linawekwa uwanjani linahesabiwa siku, kisha bima inapelekewa ankra imevimba. Ofisi ya mawakili waliokuwa wakizipinga ankra hizo kwa niaba ya bima nayo ilishambuliwa. Kwa ajili ya kuvuta magari, bwana!

Serikali ya jimbo hilo ikatunga sheria mwaka 2021. Toka tarehe 1 Januari 2024 kampuni haiwezi kuvuta wala kuhifadhi magari bila cheti cha serikali, na toka Julai mwaka huo huo na madereva nao lazima wawe na cheti chao. Kila kampuni inapeleka bei zake za juu kabisa serikalini na zinawekwa wazi kwa kila mtu kuziona. Kabla gari haijaguswa mwenyewe anatia saini karatasi ya ridhaa. Yeye ndiye anayesema gari iende wapi. Akitaka kulipa kwa kadi hawezi kukataliwa, na akimaliza anapewa ankra iliyochambuliwa kitu kwa kitu. Angalieni vizuri orodha hiyo. Hakuna hata sharti moja linalosema dereva awe mcha Mungu. Yote ni mambo yanayosemwa au kuandikwa kabla ya kazi kuanza.

Uingereza nako walipitia njia hiyo kwa mlango mwengine. Zamani ukiegesha kwenye kiwanja cha mtu, unarudi unakuta gurudumu limefungwa chuma na jitu limesimama linataka mapauni taslimu. Sheria ya mwaka 2012 ikapiga marufuku kufunga magari hivyo kwenye viwanja vya watu binafsi England na Wales. Na gari likiondoshwa kwa amri ya polisi, bei imewekwa na sheria: toka 2023 gari ya kawaida iliyosimama barabarani bila kuharibika sana ni pauni 192, na kuihifadhi ni pauni 26 kwa siku. Unaweza kusema ni ghali, lakini unajua. Mtoto wa ndugu yako akikupigia simu usiku toka London anakuambia amedaiwa 400, unaweza kumwambia aulize hiyo 400 imetoka wapi.

Sasa sisi. Huku kwetu kwa mvutaji wa kukodi mwenyewe barabarani bei ni ya mapatano, na mapatano yanafanywa na mtu aliyesimama juani. Yaliyotokea Aprili 2024 wengi mnayakumbuka. Tarehe 14 wadi zilishuka Oman na wanafunzi wakapotea Samad al-Shan, Mwenyezi Mungu awarehemu. Siku mbili baadaye mvua ikaipiga Imarati kwa namna ambayo haijaonekana tangu waanze kuandika vipimo mwaka 1949. Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, ilipimwa milimita 254.8 chini ya siku moja. Magari yaliachwa barabarani yamezama mpaka vioo. Rikavari zikatafutwa kama dhahabu, na bei ikapanda mara kadhaa ya ile ya wiki iliyopita. Wapo waliolipa bila kuuliza, wapo waliongoja siku mbili tatu. Na wapo, hawa ndio waliopata hasara kubwa zaidi, waliomruhusu dereva wa rikavari awashe gari ili aipandishe kwa urahisi. Gari iliyoingia maji haiwashwi. Hewa ndani ya injini inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji, chuma kinachoisukuma kinapinda, na injini imekwisha. Gari ambayo ingekaushwa, ikabadilishwa mafuta na kurudi barabarani, inakuwa ya kuuzwa vipande. Halafu bima ikikuta umewasha mwenyewe baada ya kuzama, inayo sababu ya kukubishia.

(Kwa wanaopenda kujaribu wadi: Imarati toka 2023 ukiingia bonde lenye maji ni faini ya dirham 2,000, pointi 23, na gari inazuiliwa siku 60. Hapo rikavari utakayoletewa ni ya polisi.)

Basi uaminifu wa rikavari tuupime kwa nini? Kwangu mimi mambo manne yanatosha, na hayana uzito sawa.

La kwanza ni bei, na nalianza kwa sababu hapa ndipo penye ile "tutaelewana". Binti wa ndugu yangu mwaka jana alikuwa akirudi Salalah na mumewe, wanawe watatu na mama mkwe. Gari ikachemka, ikazima, kabla hawajafika Haima. Wakapewa namba na mtu wa petroli steshini. Mume akapiga, akaambiwa riali 60 mpaka Nizwa, "njoo tu, shida ndogo ndogo tutaelewana." Rikavari ikafika baada ya saa mbili na nusu. Gari ikapakiwa, ikafungwa minyororo. Ndipo dereva akampa simu azungumze na bosi. Bosi akasema 60 ilikuwa ya kuvuta, lakini kuna ya kuja kutoka Nizwa, kuna ya usiku, kuna ya kungoja, jumla 110. Mume akasema basi teremsha. Akaambiwa kuteremsha nako kuna bei yake. Utafanya nini, watoto wako chini ya mti usio na kivuli? Akalipa 110, taslimu, bila karatasi.

Wengine walimlaumu dereva. Mimi simlaumu dereva. Yule ni kijana ametoka mbali, anaendesha gari si lake, pengine hata hakupata chakula cha mchana, na bei hakuipanga yeye. Aliyepanga ni sauti kwenye simu. Kwa hiyo ukipiga simu, swali si "shilingi ngapi" peke yake. Uliza: hiyo bei ni jumla mpaka gari iteremke chini? Ndani yake imo safari ya kuja, imo saa za kungoja, imo usiku? Akisema ndiyo, mwambie akuandikie kwenye WhatsApp: toka wapi, mpaka wapi, riali ngapi, hakuna zaidi. Mkweli ataandika, ni sekunde kumi. Asiyetaka kuandika maneno yake mwenyewe ameshakujibu.

Sisi Waswahili tunaona haya kufanya hivyo. Tunaona kama tunamtuhumu mtu. Lakini hebu tujiulize dini yetu inasemaje. Mafakihi walipozungumza habari za ijara waliweka sharti kwamba ujira ujulikane kabla ya kazi, sababu kazi yenye ujira usiojulikana inazaa ugomvi. Na wamezungumza sana pia juu ya kumuuzia mudhtarr, mtu aliyebanwa na shida, kwa bei ambayo asingeikubali lau angekuwa na nafasi. Masheikh wetu wanajua zaidi yangu, sitoingia ndani. Ninachosema ni kuwa anayetaja bei wazi ndiye aliyeshika adabu. Hii "tutaelewana" tumeipamba tu ikaonekana ni uungwana.

Na bei isiwe na linki. Siku hizi ukitafuta rikavari kwenye simu, namba ya mwanzo inayokuja mara nyingi si ya mwenye gari, ni ya dalali. Anachukua fungu lake halafu anatafuta gari la mtu mwengine, na yule akifika ana bei yake. Wapo wabaya zaidi, wanaokutumia linki uweke kadi ya benki "kuthibitisha". Rikavari ya kweli inalipwa baada ya kufika. Ukiambiwa weka kadi kabla hujaona taa zake, kata simu.

La pili ni gari inakwenda wapi. Hapa wengi hawajali, na hapa ndipo fedha kubwa zinapopotea kimya kimya. Dereva atakwambia, "Ipo gereji nzuri karibu, fundi namjua." Anamjua kwa sababu fundi humpa kitu kwa kila gari. Sisemi gereji hiyo ni mbaya, lakini gari ikishaingia uwanjani kwao, kuitoa ni shughuli nyengine. Kama ni ajali, mambo ni mazito zaidi: huku Ghuba gereji haitakiwi kuligusa gari la ajali bila karatasi ya polisi, na bima ya kampuni nyingi ina orodha ya gereji zake. Ukiipeleka nje ya orodha, unaweza kujikuta unabishana miezi mitatu nani alipe bampa. Kwa hiyo bima kwanza, rikavari baadaye. Hujui pa kuipeleka? Ipeleke nyumbani kwako au kwa jamaa wa karibu, ilale hapo. Kulala kwenye ua wa ami yako hakulipishwi kwa siku.

Hapo hapo nigusie jambo ambalo nikilisema watu hushtuka: wengi wetu tunayo rikavari tuliyokwishailipia. Bima kubwa, ile tunayoiita "full", katika kampuni nyingi huku ina huduma ya barabarani ndani yake, na namba iko kwenye karatasi ya bima au kwenye programu ya simu. Lakini karatasi inakaa kwenye mkoba chumbani, ya Kiarabu na Kiingereza cha sheria, na hakuna aliyeisoma. Sisi tuliosoma skuli za mapadri tulikuwa na mwalimu akitusomesha risiti mpaka nyuma, maandishi madogo ndiyo aliyokuwa akiyataka. Tulimchukia, lakini ametufaa. Someni. Tazameni ni mara ngapi kwa mwaka, ni kilomita ngapi, kama inahesabu gari kuharibika au ajali peke yake, kama inafika nje ya nchi kwa mnaovuka mpaka wa Hatta au Buraimi. Huduma ya kilomita 50 haikusaidii kitu ukiwa Haima.

La tatu ni namna ya kuipandisha, na hili nitakaa nalo kidogo kwa sababu magari yetu yamebadilika lakini fikra zetu bado ni za Datsun. Kuna rikavari ya aina mbili. Moja inanyanyua magurudumu mawili, mengine mawili yanajiviringisha barabarani. Nyengine ina sakafu tambarare inayoteremka nyuma, gari inavutwa kwa waya mpaka juu, magurudumu yote manne yakapanda. Neno satha la Wasaudi linatokana na sat-h, yaani uso wa juu, bapa. (Na sakafu yetu imetoka kwenye saqf, ambayo kwa Kiarabu ni dari. Tumeigeuza juu chini, na hakuna aliyetukamata.)

Gari ya otomatiki mafuta ya giaboksi yanazungushwa na pampu inayotegemea injini. Injini imezima, magurudumu yanayoendesha yako chini yanazunguka: gia zinasagana kavu. Kilomita chache unaweza usione kitu. Kilomita mia umekwisha. Land Cruiser na Prado za miaka ya karibuni zinaendesha kwa magurudumu manne wakati wote, kwa hiyo ukinyanyua mawili na kuburura mawili unavunja kile kinachogawa nguvu katikati. Magari ya umeme na ya haibridi, ambayo sasa vijana wetu wanayanunua, magurudumu yakizunguka mota inazalisha umeme hata kama gari imezimwa, na watengenezaji wake wanataka magurudumu yote yawe juu. Kwa ufupi, karibu kila gari iliyoko kwenye ua wa familia zetu leo inataka ya sakafu. Itaje kwenye simu, taja na aina ya gari. Mwenye rikavari akikuuliza mwenyewe, "Ni otomatiki? Ni four-wheel? Hendibreki ni ya umeme?" huyo anaijua kazi yake, na kwangu swali hilo moja lina thamani kuliko mapendekezo ya watu kumi.

Akifika, tazama anafunga wapi. Minyororo na mikanda ifungwe kwenye magurudumu, au kwenye ile pete ya chuma ya kuskurubu inayokaa pamoja na jeki. Isifungwe kwenye bampa wala kwenye vyuma vya usukani. Magurudumu yote manne yafungwe, si mawili ya mbele halafu "twende tu". Kabla hajaanza, zunguka na simu yako upige picha pande zote, rimu, paa, ndani, na namba ya kilomita. Kisha pigia picha rikavari yenyewe na namba yake. Oman namba za biashara ni nyekundu, za gari binafsi ni za njano. Pikapu ya njano iliyofungwa winchi nyuma ni ya mtu anayejitafutia tu, na gari likianguka kutoka juu yake hutompata wa kumdai. Toa pasipoti, mulkiya, dhahabu ya bibi, dawa za sukari. Usiache chochote kwa kusema tunafuatana nyuma.

Hili la kufuatana ndilo la nne, na kwa familia zetu ni zito kuliko bei. Kabini ya rikavari ina viti viwili, pengine vitatu. Familia ni watu saba. Watakaa wapi? Nimeona kwa macho yangu kwenye njia ya Nizwa watoto wamekaa ndani ya gari lao, na gari liko juu ya rikavari, wanapunga mkono. Kiyoyozi kimezima, mlango hauwezi kufunguka, mkanda mmoja ukikatika wote wanamwagika barabarani. Hakuna dereva mwaminifu anayekubali hilo, na anayekubali, hata kwa huruma, msimpe gari. Na binti au mke aliye peke yake halazimiki kupanda kabini na mtu asiyemjua kwa sababu tu gari limekwenda. Kampuni nyengine za bima zina teksi ndani ya huduma yao, nyengine hazina. Lipangwe kabla: nani wa kumpigia Nizwa, nani Haima, nani Thumrait. Jamaa zetu wametapakaa nchi nzima, hapa ndipo undugu unapofaa, kumfuata mtu kwa gari na maji baridi. Kazi ya mnyororo waachieni wenye leseni.

Gari ikizima, taa za dharura, pembetatu nyuma mbali, watu wote watoke upande usio na magari na wasogee mbali na barabara. Palipo na hatari, ajali au mgonjwa, kwa Oman ni 9999 kabla ya rikavari yoyote. Soma kibao cha kilomita kilicho karibu au tuma mahali ulipo kwa simu. "Tuko baada ya petroli steshini" huko jangwani hakumsaidii mtu. Waliokwama mchangani, Sharqiya au Liwa, wajue kuwa rikavari ya barabarani nyingi haziwezi kazi hiyo. Wapo vijana wa kujitolea wenye magari ya mchanga wanaofanya kwa sadaka, na msiwavunje moyo kwa kuwalazimisha pesa wakikataa.

Turudi kwenye serikali. Oman ina sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2014 na ina mamlaka yake ya kupokea malalamiko. Bima nazo toka 2024 ziko chini ya Mamlaka ya Huduma za Fedha. Milango ipo. Tatizo ni kuwa mtu wetu anakwenda mlangoni mikono mitupu. Yule mume wa binti wa ndugu yangu hana ankra, hana jina la kampuni, ana namba ya simu ambayo sasa haipokelewi. Mfanyakazi wa mamlaka aandike nini? Ndo maana nasisitiza maandishi ya WhatsApp na picha ya namba. Malalamiko ishirini yenye picha yanaweza kumfanya mtu wa serikali aone kuwa hapa pana jambo. Malalamiko mia mbili ya barazani hayafiki popote.

Ningependa kuona Ghuba wakichukua walau kipande kimoja cha kanuni za Ontario, kile cha bei ya juu kabisa kuwekwa wazi, kwa kilomita, kwa mchana na usiku, na ibandikwe kwenye mlango wa rikavari kama meza ya bei ya petroli. Haihitaji sheria kubwa. Wenye rikavari waaminifu, nao wapo wengi, wangekuwa wa kwanza kufurahi, kwa sababu leo wanashindana na wanaotaja 60 na kuchukua 110.

Wanaosafiri wiki hii wasingoje hayo. Ipigieni bima leo jioni, uliza swali moja: gari ikizima baina ya Haima na Thumrait, rikavari yenu inatoka mji gani, na baada ya kilomita ngapi ninaanza kulipa mwenyewe? Mwambie anayekujibu akutumie kwa maandishi, na namba mpe mkeo, mpe mama, mpe na mtoto mkubwa mwenye simu, maana chaji ikiisha huwa ya yule mwenye namba.